Kopo la Udi Tunduni mwa Sururu

Mtu akifukiza udi mbele yangu, mie hutoka nje. Wageni wangu hapa Nizwa hudhani nina kifua kibovu, na mie huwaacha wadhani hivyo. Wengine harufu ile huwakumbusha harusi na sikukuu. Mie huona begi la nguo limemiminwa uani kwetu Ibra, na haya hunipanda mpaka masikioni. Acheni nikuhadithieni, lakini msicheke, maana kisa chenyewe kinaanza na kifo cha kasuku.

Kasuku huyo akiitwa Sururu, wa kijivu, mkia mwekundu. Babu ndiye aliyemfundisha kusema, na Babu alipofariki sauti yake ikabaki mle tunduni. Kila alasiri tukisikia, "Zuwena! Kahawa i wapi?" na Bibi, masikini, huitika "Labeka!" akainuka kabla hajakumbuka kwamba anaitwa na ndege. Sisi wajukuu tukivunjika mbavu. Bibi hukaa tena taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya leso.

Aliyekuwa akimlisha Sururu na kusafisha tundu lake ni Mwanaidi, mtumishi wetu aliyekuja kwa mkataba kutoka Tanga, ng'ambo ya bahari. Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka mie nywele, huku akinipigia hadithi za binti yake aliyemwacha kwao, rika langu mie.

Basi Alkhamisi moja walikuja wageni wa Bibi kutoka Sur. Sururu akajitia kusema, wakamcheka na kumsifu: "Yallah, ndege huyu anasema kuliko mume wangu!" Hata mmoja hakusema mashaallah. Asubuhi yake tukamkuta chali, miguu juu.

Loh! Bibi alipiga ukelele majirani wakaja wamevaa ndara mguu mmoja. "Kauliwa huyu! Jana mzima, leo maiti? Nani anamlisha?" Macho yote yakamgeukia Mwanaidi, aliyesimama mlangoni mwa jiko na bakuli la mbegu mkononi.

Nikwambieni kweli, mie nilifurahi. Siku zile Baba akipenda kutazama kwenye televisheni michezo ya Kiingereza ya padri wa kijijini: mtu anauawa, padri anakunywa chai, anauliza maswali ya kipuuzi, mwishowe muuaji anajulikana na keki bado ipo mezani. Sisi padri hatuna, nikasema moyoni, lakini tunaye Shekhe Hilali, imamu wa msikiti wetu, na Baba keshakwenda kumwita. Nikakimbilia jikoni kuosha vikombe vya kahawa.

Lakini Bibi hakuwa na subira ya kumngoja shekhe. Aliamrisha begi la Mwanaidi liletwe, na Mama akalimimina uani, mbele za watu. Walikuwa wakitafuta sumu. Yakatoka manyoya mekundu ya mkia, yamefungwa uzi. "Uchawi huo!" akasema jirani mmoja. Kisha yakatoka magauni mawili ya kitoto, na mie nikayajua pale pale. Yalikuwa yangu. Yalikuwa yamenibana, Mama akayatupa. Mwanaidi alikuwa ameyatia pindo jipya na kuyapiga pasi vizuri kuliko nilivyopata kuyavaa mie.

"Ya mwanangu," alisema. "Na manyoya nimemwekea yeye pia, yalianguka nikifagia. Bibi, mimi ndege wako sijamfanya kitu." Akapiga magoti, akaanza kuokota nguo zake za ndani moja moja, na watu wamesimama wanatazama. Nilitamani ardhi inimeze, na wala sikujua kwa nini mie, wakati begi si langu.

Shekhe Hilali akaja. Alikula halua kwanza, hana haraka, na mie nikaona kweli huyu padri mtupu. Akataka kumwona marehemu. Akamwinua Sururu kwa viganja viwili na akamnusa. Akanusa na kitambaa cha kufunikia tundu. Tulikuwa watatu tu ukumbini: yeye, Bibi, na mie na birika langu; mlango wa jiko ulikuwa wazi.

"Bi Zuwena," aliuliza polepole, "nani alimfukiza ndege?"

"Mie," Bibi akajibu bila kusita. "Wale walimtia jicho, shekhe. Nikalifunika tundu gubigubi, chetezo nikakiweka chini yake, kama tunavyofukiza nguo. Udi mzuri, si wa mchezo. Nikaufunga na mlango ili umwingie."

Shekhe alimlaza Sururu juu ya kitambaa. "Ndege ana kifua kidogo, dada yangu," alisema. "Moshi umemzidi."

Bibi alilitazama tundu. Sijapata kumwona mtu akizeeka mbele ya macho yangu ila siku ile. Shekhe akamhurumia. Akatoka uani akawaambia majirani, "Siku za kasuku zimekwisha, naye kenda zake. Nendeni majumbani kwenu." Hakusema zaidi. Kwetu aibu ya mtu husitiriwa, na shekhe alimsitiri Bibi vizuri mno.

Kisha akaenda mpaka mlango wa jiko. "Mwanangu, huna kosa lolote. Tusamehe."

"Nimesamehe, shekhe," Mwanaidi akasema, bila kugeuka kutoka kwenye sinki. "Na wale walionitazama, nani atawaambia?"

Shekhe Hilali aliyatafuta makubadhi yake, akaenda zake. Mie nilimwona Mwanaidi mkorofi. Si ameambiwa hana kosa? Kule kwa padri, muuaji akishajulikana, mchezo umekwisha.

Majirani hawakuambiwa mpaka leo. Waliendelea kuvuta watoto wao karibu kila Mwanaidi alipopita na mfuko wa takataka. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba ile sitara ilikuwa shuka moja, tukamfunika nayo Bibi, na mwenziwe tukamwacha uchi kule uani.

Mkataba wake ulipomalizika hakutaka mwingine. Siku ya kuondoka, Bibi alimtilia mkononi kopo la udi wake bora. Bibi hakujua kuomba radhi kwa ulimi, na ile ndiyo ilikuwa radhi yake. Mwanaidi akalipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Bibi. Shikamoo." Akanibusu mie kichwani, akaingia garini.

Jioni tulilikuta kopo ndani ya tundu la Sururu, juu ya kijiti chake, halijafunguliwa.

"Kalisahau, masikini," Bibi akasema, na sote tukaitikia kwamba kalisahau. Niliamini hivyo miaka mingi, mpaka siku moja nikakumbuka kwamba mlango wa lile tundu ulikuwa umefungwa, na kitambaa kimefunikwa juu yake gubigubi.