Neno la Chumbani

Mchungaji tunayetafsiri naye mashairi ya mapenzi ya Biblia kwa Kibondei ana vidole vyembamba, na kabla ya kusoma Kiebrania hukohoa mara mbili. Neno likimshinda huenda kuwauliza akina mama wauza machungwa hapa Muheza. Juzi mmoja alimnong'oneza neno ambalo mke humwambia mumewe chumbani, kisha akacheka akijifunika uso kwa kanga. Mchungaji akaliandika kwa penseli. Kikaoni tulimwambia alifute, maana mashairi yale yanamhusu Kristo na Kanisa. Yeye asiyezoea kubishana akalifunika daftari kwa kiganja. "Wazee wangu," alisema polepole, "hayo ya Kanisa nimeyahubiri miaka yote. Hapa anayesema ni mwanamke. Mwacheni aseme." Neno likabaki, tukaendelea na mstari uliofuata.