Chupa ya mayi mu kitenge

Tangu jana asubui nilikuwa nabeba mayi mu mugongo kama mutoto.

Musicheke. Ni bwana wa labo, mupimaji wa mayi, ndiye alisema.

Alikuja hapa Kabuta kupima kisima yetu. Akachota mayi, akatia mu chupa ndogo yenye dawa. Akasema ikae na joto ya mwili mpaka leo. Mayi ikigeuka nyeusi, basi uchafu ya choo inaingia mu kisima.

Courant ya umeme hakuna, masini yake ya joto haiwaki. Akauliza nani atabeba.

Nikasema leta. Mugongo yangu iko wazi tangu tuzike mutoto wangu Elie.

Benye bananijua banakumbuka. Elie alikunywa kikopo ya mayi ya kisima hii kwa jirani, mama Furaha. Akaanza kuhara, akatuacha. Batu bakasema mama Furaha ni mulozi, alimuroga. Bakamufukuza, akaenda kuishi kijiji ya Puta na sufuria moja tu ku kichwa.

Basi leo nikafungua kitenge, bajirani bote banaangalia.

Nyeusi. Nyeusi kama makala.

Bwana akauliza, "Na hii mayi, nani anakunywa?"

Ndoo zetu zilikuwa pale, zimejaa.

Chupa imeenda na bwana. Lakini saa hii niko nasikia joto yake mu mugongo, na mukono yangu iko inapiga-piga kitenge polepole, kama vile kuna mutoto ndani.

Bandugu, nani atanisindikiza Puta kwa mama Furaha?