Nyekundu Zote Sandukuni

Jana mchana simu ililia nikiwa dukani kwangu hapa Miembeni. Ujumbe wa tahadhari: mvua kubwa na upepo mkali vinatarajiwa kutoka upande wa ziwa, wananchi wachukue hatua. Hatua zenyewe hawakuzitaja. Nilimwacha mteja akichagua vitunguu, nikakimbilia nyumbani kuanua nguo. Nikayapita mashuka, nikazipita taulo, nikaanua kwanza sweta la shule la binti yangu, jekundu, bado linachuruzika maji. Nikaingia nalo ndani nimelikumbatia, natafuta pa kulificha kama mtu aliyeiba.

"Mama, na mashuka je?" binti yangu akauliza.

Ngoja nikueleze wewe, rafiki yangu, kabla hujasema kwamba nimechanganyikiwa.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, Kishanda kule Muleba, katika nyumba ya udongo yenye bati lililokuwa na kelele kuliko sisi wote. Mama yangu alikuwa visiwani, huko ziwani, akinunua dagaa kwa wavuvi na kuwaanika. Alikuja mara chache, akakaa siku mbili tatu, akaondoka nikiwa shuleni ili nisimlilie. Nilimchukia kwa hilo na nilimpenda vilevile. Nilipokuwa na miaka tisa alinitumia sweta jekundu kwa mikono ya mwanamke mmoja muuza samaki. Halikuwa na barua wala salamu. Lilikuwa na harufu ya moshi na dagaa, na kwangu hiyo ilitosha. Nililala nalo usoni.

Sasa, bibi yangu alikuwa na sheria zake za dhoruba. Wingu likitanda upande wa ziwa, likawa na ule weusi wa chungu kilichokaa jikoni miaka, alikuwa hasubiri tone. Mikono yake ilianza kazi kabla mdomo haujatoa amri. Kahawa iliyoanikwa uani ikunjwe na majamvi yake iingie ndani. Kuni zipangwe chini ya kitanda. Mbuzi waletwe. Mfereji nyuma ya nyumba uzibuliwe majani, sufuria na ndoo zipangwe chini ya bati, mawe yaongezwe juu ya paa. Maharage yawekwe motoni mapema, maana hakuna mtu wa kutoka tena. Kioo kigeuzwe kikatazame ukuta. Na nguo nyekundu zote, hata kitambaa cha kufutia meza, ziingie kwenye sanduku kubwa la mbao na gunia la kahawa liwekwe juu. Nyekundu inaita enkuba, alisema, yaani radi. Mchungaji wetu alishawahi kulisema jambo hilo kanisani, kwamba ni imani za zamani. Bibi alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, akatikisa kichwa kukubali, akarudi nyumbani, na wingu la kwanza lilipojitokeza sanduku likafunguliwa.

Siku ninayoikumbuka, wingu lilikuja nikiwa nimetoka shule. Jirani yetu, mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake, alikuwa juu ya paa letu akipanga mawe. Bibi alikuwa akitoka na kuingia, akitoka na kuingia. Kila alipotoka alisimama mwisho wa ua na kutazama lilikokuwa ziwa, ingawa ziwa lenyewe halionekani kutoka pale. Nilijua anamtazama nani. Nami nilikuwa siwezi kukaa. Niliokota punje za kahawa zilizomwagika, nikazimwaga tena.

"Mwana wange, sweta lako liko wapi?"

"Nimeshaliweka, bibi."

Nilikuwa nimelivaa, chini ya gauni. Sijui kama umewahi kumdanganya mtu ambaye hana muda wa kukukagua. Alinitazama kidogo tu, akasema vizuri, akachukua panga. Kulikuwa na mkungu mmoja mkubwa mwisho wa kibanja, shamba letu la migomba, kule linakopakana na shamba la mwalimu, na nguzo yake ilikuwa imeoza. Ndizi zile alikuwa amemtunzia mama, atakapokuja. Migomba mingine yote tulikuwa tumeiegemeza tangu wiki iliyopita kwa miti yenye panda. Huo mmoja ulibaki, na panga lilikuwa la kuukatia nguzo mpya.

"Waitu mama, acha," mwalimu alimsihi akishuka ngazi. "Mkungu mmoja tu."

"Huo ndio wake," bibi akasema, akaenda.

Upepo ulifika kabla hajafika mwisho wa kibanja, mwalimu akaniingiza ndani. Ulikuja na vumbi, halafu majani ya migomba yakaanza kupasuka, halafu mvua ikashuka yote kwa pamoja juu ya bati hata mwalimu aliponiambia nifunge dirisha niliona midomo yake tu. Sikufunga. Nilikuwa namtafuta bibi kwa macho na sikumwona. Kisha kukawa na mwanga mweupe na mlio palepale, bila nafasi kati yake, na mparachichi wa mpakani ukapasuka katikati.

Mpakani. Alikokwenda bibi.

Nilijua nimemuua. Sikuwaza labda, wala sikuogopa tu. Nilijua, kama ninavyojua jina langu. Nilivua gauni, nikalivua lile sweta, nikalitupa nje ya dirisha kwenye mvua, mbali nilivyoweza. Lilianguka kwenye tope mbele ya migomba ya kwanza, mikono imetanuka. Na palepale, kabla sijavaa gauni, nikaanza kumlilia mama, maana ilikuwa kama nimemtupa yeye ziwani. Nitake mama azame au bibi apigwe na radi? Mtoto wa miaka tisa hapaswi kuchagua hivyo. Mwalimu alinifunika koti lake na kunirudisha nyuma, akidhani naogopa ngurumo.

Bibi aliingia kwa mlango wa jikoni. Hakuwa na panga. Alikuwa amelowa hadi kilemba kimeshuka shingoni, na mkononi alikuwa na sweta langu, linatona tope. Alisimama akihema, akatazama kila pembe ya chumba hadi aliponiona ndani ya koti la mwalimu. Ndipo akakaa chini palepale kwenye kahawa.

"Nimeona chekundu kwenye tope," alisema. "Nimedhani ni wewe umelala pale."

Nilisubiri kofi. Nilitaka kofi, kusema kweli. Badala yake aliinuka, akalisuuza sweta kwa maji ya ndoo, akalikamua, akalitundika kwenye kamba juu ya moto, mbele ya macho ya wote, na nje bado kunanguruma. Mwalimu, aliyekuwa ametufundisha darasa zima kabla ya kustaafu kwamba radi haijui rangi, alisogeza kigoda chake hatua mbili upande wa mlango.

"Mama, kweli utaliacha hapo?"

"Ni la mama yake," bibi akasema. "Likauke."

Tukala maharage tukilitazama. Lilikuwa likifuka mvuke na kutoa tena ile harufu ya dagaa. Kila kulipomulika, mwalimu aliacha kutafuna. Bibi hakuacha.

Mama alirudi baada ya siku tano, mwembamba, sauti imekauka. Mgomba ule ulikuwa umesimama, nguzo mpya imeushika. Bibi alikuwa ameimaliza kazi yake kabla ya kukimbia. Tukala zile ndizi. Hakuna aliyemweleza habari ya sweta, na mimi sikuwahi kumwambia bibi kwa nini nililitupa. Nilidhani kuna muda.

Siku hizi ukienda Kishanda utaikuta nyumba, ila ugonjwa wa mnyauko umekula migomba ile hadi mpakani na pamepandwa mihogo. Hakuna tena rundo la miti yenye panda ukutani. Mwalimu alitangulia, kisha bibi. Tulipofungua sanduku baada ya mazishi, nguo zake nyekundu zilikuwa juu kabisa, hazina gunia, zimekunjwa kama nguo nyingine. Sijui aliacha sheria yake tangu lini. Nafikiri najua.

Na mimi, niliyekuwepo siku ile, ndiye niliyeendelea kuishika miaka yote hii. Jana nilisimama katikati ya chumba na sweta la mwanangu limelowesha kifua changu, mashuka yanapigwa na upepo nje, na mtoto ananisubiri nimjibu. Bati lilianza kugonga. Nilivuta kiti karibu na jiko la mkaa, nikalitandaza sweta kwenye egemeo la kiti, mikono yake nikainyoosha vizuri, kisha nikamshika binti yangu mkono tukakimbilia mashuka.