Kwelea Kwelea Walipotua Bondeni

Binti wa mama mkubwa nimemzidi miezi minne, lakini nyumbani lazima nimwite dada, kwa kuwa mama yake alizaliwa kabla ya mama yangu. Hilo nimelizoea. Ambalo sikulizoea ni simu aliyonunuliwa na baba yake tukiwa kidato cha tatu, yenye kamera inayomvuta ndege wa ng'ambo ya Ziwa Singidani mpaka unaona jicho lake.

Mimi ndiye niliyeanza kupiga picha za ndege, kwa simu ya mama yenye kioo kilichopasuka. Mimi ndiye niliyemwambia dada kwamba heroe hujaa kiangazi maji yakipungua, na kwamba aende asubuhi kabla ya upepo. Alienda, akarudi na ziwa zima la rangi ya waridi. Mama akaziangalia zile picha akasema, "Huyu mtoto ana jicho." Siku ile sikula vizuri.

Mwalimu wa klabu ya mazingira akasema anataka picha moja ya kila majira, zibandikwe ukutani nje ya maktaba. Kiangazi kikachukuliwa na heroe wa dada. Picha ya uwele unapokomaa ilikuwa bado, na niliitaka kuliko nilivyotaka kufaulu hesabu.

Likizo tukapelekwa wote wawili kwa bibi, Ikungi, kuamia ndege. Kazi ni kukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba la uwele, tangu jua linapotoka, na kupiga debe kabla kwelea kwelea hawajatua. "Wakishatua mmechelewa," bibi alituambia. Dada akapewa dungu la mlimani, mimi la bondeni.

Siku ya tatu wakaja, kama moshi unaojikunja. Debe lilikuwa miguuni kwangu. Nikatoa simu ya mama, aliyoniazima kwa likizo. Nilijiambia ni picha moja tu, wakiwa hewani, lakini hewani walionekana vumbi tu. Nikasubiri washuke kidogo. Wakatua. Masuke yakainama, kila moja na ndege wanne watano wenye midomo myekundu, jua likiwapiga kwa nyuma. Nikapiga picha, nikapiga tena, na nilikuwa natabasamu.

Aliyewafukuza ni dada, alikuja mbio kutoka mlimani na kombeo, akipayuka kwa Kinyaturu.

"We mdogo wangu, umelala?"

"Nilisinzia."

Akaiangalia simu mkononi mwangu, kisha debe miguuni.

Bibi alipofika akapitisha kiganja kwenye masuke yaliyobaki makapi. "Nani alikuwa huku?"

"Ni mimi, bibi."

"Na akili yako ilikuwa wapi?"

Dada akaingilia. "Walikuwa wengi mno, bibi. Hata mimi wangenishinda."

Bibi akaguna. "Kesho mtakaa dungu moja. Labda macho manne yatatosha."

Ningefurahi zaidi kama dada angenisema. Hata kwa wema alinizidi.

Jioni akaniomba simu, akazipitia picha zangu taratibu. "Hii inawashinda heroe wangu," akasema. "Mpe mwalimu."

Alikuwa anasema kweli, na sikuweza kuitoa. Shuleni kwetu nani hajawahi kuamia ndege? Yeyote angeiangalia mara moja na kujua kwamba hawakai hivyo, wametulia na kula, mpaka mtu awe ameliacha debe chini kwa makusudi. Halafu angeuliza shamba ni la nani.

Nikampa mwalimu picha ya kunguru juu ya jiwe. Akasema ni nzuri, akairudisha.

Picha ya uwele iliyobandikwa ukutani ni ya dada pia. Aliipiga kesho yake, tukiwa dungu moja: mimi nimesimama, debe juu, mdomo wazi, na kwelea kwelea wote wamegeuka hewani wakinikimbia. Wenzangu darasani wananiambia nimetoka vizuri. Mama ameomba aprintiwe yake aiweke sebuleni.

Napita pale kila asubuhi, nasimama kidogo nikitafuta kasoro. Kushoto kuna suke limekatwa nusu. Zaidi ya hilo sijapata.