Hakuna Neno la Sikonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa mbele ya redio ya upepo, ule mtambo wa kuzungumza na vituo vya mbali, nikiwa na viatu vilivyonibana na hofu ya kukosea. Ilikuwa ofisi kuu ya chama chetu cha wakulima wa tumbaku, hapa Tabora mjini. Kazi yangu ilikuwa kuita vituo kimoja baada ya kingine, kuuliza uzito wa marobota yaliyopokelewa, na kuandika. Kituo kikimaliza kusema kilitamka "ova", maana yake nimemaliza, sasa sema wewe.

Kituo cha Usoke walianza kunisomea, sauti ikakatika katikati. Nikaandika nilichosikia. Kumbe Mhasibu Mkuu, mzee wa Kinyamwezi mwenye sauti ndogo na macho makali, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umesikia ova?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi hukusikia kitu. Futa, andika haikusikika. Waite tena."

Nikamwambia kuwa nusu ya kwanza niliisikia vizuri kabisa. Akanitazama kama mtu anayetazama mboga iliyochacha. "Binti, nusu ya habari ndiyo inayofukuzisha watu kazi." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi tangu siku hiyo, wengine na magari yao ya vioo vyeusi, na hakuna aliyenifundisha jambo kubwa kuliko hilo.

Redio ikaondolewa, kompyuta zikaja. Nilipelekwa kusoma, nikarudi fundi wa mifumo, nikapangiwa Urambo, kisha Nzega, kisha nikarudishwa ofisi kuu. Kila kituo kilipata mashine yake ya kutunza kumbukumbu: mkulima gani kaleta tumbaku, ya daraja gani. Sisi wa Tabora tuliingia kwenye mashine hizo kwa mtandao, kupitia dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe. Unaandika amri, mashine iliyo Sikonge inaitekeleza hukohuko, majibu yanarudi kwako kwa maandishi. Tulifanya hivyo kwa mkono, kituo kwa kituo, na tulisoma kila kilichorudi.

Kisha akaja Meneja wa TEHAMA. Simsemi vibaya, alikuwa mchapakazi. Ila hakupenda kuona watu wazima wanashinda wakikodolea macho dirisha jeusi. Akaleta skripti, yaani mfululizo wa amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe bila mtu. Kila asubuhi skripti iliingia kila kituo, ikauliza kama bakapu ya jana ipo, ikasoma jibu, ikampa ripoti ya rangi. Bakapu ni nakala ya kumbukumbu inayowekwa kando, ili mashine ikifa habari za wakulima zisife nayo. Kijani ilikuwa "ipo". Nyekundu ilikuwa "hakuna".

Sikonge ikawa nyekundu, na haikutoka hapo.

Mtunza mashine wa Sikonge alikuwa Veronika, binti wa familia ya kanisa la Moravian, mpole, mwenye kazi safi. Baba yake alianguka mtini akirina asali na hakuweza kusimama tena, kwa hiyo nyumba nzima ilikula kwa mshahara wa Veronika. Meneja alimpigia simu, naye akajibu kuwa bakapu ipo. Meneja akamwambia kuwa mashine haina sababu ya kudanganya, ila mtu anazo nyingi. Akaanza kuandaa barua ya kumfukuza kwa uzembe na uongo. Veronika akanipigia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za Sikonge?"

"Nzuri tu mama, ila mimi nafukuzwa kazi."

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Hata paa likiungua tunaanza na nzuri.

"Bakapu naipiga kila jioni kabla sijafunga ofisi," akasema. "Naiona kwa macho yangu, mama. Sasa yeye anasema mimi mwongo."

Niliiacha ripoti ya rangi na kuingia Sikonge mwenyewe kwa dirisha jeusi. Kabla sijauliza chochote, mashine ikaniandikia: "Karibu Sikonge. Mwangaluka. Hakuna neno." Nikauliza habari za bakapu. Ikajibu: "ipo".

Mashine ya zamani ya pale ilipigwa na radi. Veronika alipoiandaa mpya, aliweka salamu kwenye faili ambalo mashine hulisoma kila anapoingia mtu. Mwangaluka ni salamu yetu ya asubuhi kwa Kinyamwezi, na hakuna neno ni kumwambia mgeni atulie, mambo ni salama. Sasa skripti nayo ilikuwa inaingia, kwa hiyo ilisalimiwa kama mtu mwingine yeyote. Nayo, kwa kukosa malezi, ilichambua maandishi yote ikitafuta neno "hakuna", ikalikuta ndani ya salamu, ikapaka nyekundu bila kufika kwenye jibu lenyewe. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Halafu nikakasirika sana.

Nilimwonyesha Meneja. Akasoma, akakunja uso.

"Basi amechezea mfumo. Afute hizo salamu, na barua yake iendelee. Mama Kulwa, mashine siyo kibaraza."

"Kosa si la aliyesalimia," nikamwambia. "Ni letu tuliosikiliza vibaya. Leo ni salamu. Kesho mashine itatoa onyo kwamba nywila inakaribia kwisha muda, au itajibu kwa Kiingereza. Hapo utamfukuza nani?"

"Wakubwa wanataka ndiyo au hapana. Hawana muda wa kusoma hadithi."

"Na kama hatujui?"

"Ripoti haiwezi kusema haijui."

Nilitoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu asingelisamehe.

Suala la Veronika likapelekwa kwenye kikao cha Katibu Mtendaji. Sikualikwa. Nilikwenda. Nilikuwa nimekwisha kumwomba mtunza mashine wa Usoke achomoe waya wa mtandao na abaki kwenye simu. Nikamwomba Katibu ruhusa, kisha nikamwomba Meneja aendeshe skripti yake pale pale, ripoti ionekane ukutani kila mtu aione.

Usoke ikatokea kijani. Ipo.

"Mheshimiwa Katibu," nikasema huku nikiweka simu mezani, "Usoke haijatamka hata herufi moja. Waya umechomolewa."

Katibu akavua miwani. "Usoke, ni kweli?"

"Kweli, mheshimiwa," sauti ikatoka kwenye simu. "Ninao mkononi."

"Skripti haikuona neno hakuna, basi ikaandika ipo," nikaendelea. "Sikonge imesema ipo, tunamfukuza mtu. Usoke imenyamaza, tunaipongeza. Kama barua ya Veronika inatoka leo, na yangu iandikwe, maana mimi pia siwezi kufanya kazi na mtu asiyetofautisha kimya na jibu."

Barua haikutoka. Nikaagizwa nitengeneze usomaji wa majibu, nikautengeneza kama nilivyofundishwa kwenye redio. Kabla ya amri, mashine ya mbali inaandika kwanza alama tuliyoitunga kwa ajili ya wito huo tu, kitu ambacho hakuna mwanadamu angekiweka kwenye salamu. Baada ya amri inaandika alama ya kufunga, pamoja na namba ya kutokea. Hiyo ni namba ambayo kila amri huiacha ikimaliza: sifuri ni kwamba imekwenda salama, nyingine yoyote ni kwamba imekwama. Tunasoma kilicho katikati ya alama, na hicho lazima kiwe jibu zima, siyo neno lililookotwa. Malalamiko ya mashine, yaani maonyo na taarifa za makosa, yanapitishwa njia yake, yasichanganyike na majibu. Lugha ya kujibia tunaiweka sisi kabla ya kuuliza. Alama ya kufunga isipofika, hatukusikia kitu, hata kama ndani mmeandikwa "ipo" mara mia.

Nikaongeza rangi ya tatu, njano: haijulikani. Asubuhi ya kwanza njano ilijaa ukutani, wakasema nimeiharibu ripoti. Niliwajibu kuwa ujinga huo tulikuwa nao tangu mwanzo, mimi nimeupaka rangi tu. Salamu ya Sikonge nilikataza isifutwe, na Veronika akaendelea kuwakaribisha wageni wake.

Kilichoniponza ni muhtasari wa kikao. Meneja alitaka uandikwe kuwa tatizo lilikuwa hitilafu ya mtandao, kila mtu atoke na heshima yake. Nikakataa kutia saini. Mtandao ulileta kila herufi kama ilivyotumwa. Tulioisoma vibaya ni sisi, na karibu tumtoe mtu chakula mdomoni. Wakabembeleza, wakaniita mkaidi, mwisho nikapewa uhamisho wa kwenda Goweko "kuimarisha huduma". Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja na meza, karibu na reli, kwenye njia waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani na mizigo yao. Nimestaafia huko. Siku ya kuniaga mmoja wa wakubwa wa ofisi kuu alisema kwenye hotuba kuwa nilikuwa mtu wa misimamo, watu wakacheka, nami nikacheka nao. Iliniuma, sitaficha.

Watu huniuliza kama najuta. Veronika yuko kazini mpaka leo, baba yake anakula, na jina lake ni safi. Nijutie nini?

Wewe unayeanza kazi hii utajua lugha za kompyuta kuliko mimi, sina wivu. Ila ipo siku mkubwa wako atakutaka uweke jina la mtu chini ya neno ambalo mashine haikulisema. Kataa. Atasema kwamba unachelewesha kazi, kwamba huna nidhamu, kwamba wenzako wote wameshatia saini. Kataa hivyo hivyo. Watakuhamisha. Hama.