Mchimbaji Niliyemuua Redioni

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, upande wa soko la Kasongo, na mchana wote nashona sare za wanafunzi, nguo za arusi na suruali za wanaume ambao tumbo limeongezeka. Lakini kwa miaka kadhaa nilikuwa pia naandika michezo ya redio. Redio yetu ni chumba kimoja chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kelele za bata zisiingie, na kila Alhamisi jioni tulikuwa tunaingia mle, mimi, mume wangu na watu wachache wa kwaya, tukasoma mbele ya mikro yale niliyoandika juma lile.

Mchezo uliotuletea sifa, halafu matatizo, ulikuwa wa mchimbaji dhahabu. Nilimtoa kijijini kwao Kabambare, nikamwachisha mke na shamba la mpunga, nikampeleka mashimoni achimbe kwa ajili ya mwenye shimo, yule ambaye kule wanamwita pedeje. Nilitaka watu wamwonee huruma. Basi nikamnyima chakula, nikamnyima viatu, nikamlaza chini, na pedeje nikampa mkono mwepesi wa kupiga makofi. Jina sikumpa. Alikuwa "mchimbaji" tu, kwa sababu nilifikiri mtu asiye na jina atakuwa wa kila mtu.

Aliyemwigiza ni mume wangu. Yeye ni fundi pikipiki, hajawahi kulala nje ya Kasongo isipokuwa Nyangwe kwa shangazi yake, lakini ana kipaji kimoja: analia. Si kulia kwa kujikamua. Machozi yanakuja kweli, pua inaziba, sauti inakatika pale pale panapotakiwa. Tulipoligundua hilo nikaanza kuandika machozi kama mpishi anayemwaga mawese kwa sababu tu yapo. Mchimbaji alilia akila, alilia akichimba, alilia pedeje akimpiga na alilia pedeje akiacha kumpiga. Mkubwa wa redio alisema hajapata kusikia kitu kizuri kama kile.

Siku moja akaja mwanaume barazani, akasimama mbele ya cherehani bila nguo ya kushona. Alikuwa mrefu, na vumbi jekundu la matofali lilikuwa limemwingia hadi kwenye nyusi. Alinisalimia vizuri, akauliza kama ndimi mama wa mchezo wa Alhamisi. Nikasema ndimi.

"Ule mutu wa mu redio," akasema, "ni mimi."

Akanieleza. Alizaliwa upande wa Wamaza, huko huko Kabambare, akaacha mke na mpunga, akachimba mashimoni miaka mingi, na dhahabu iliyomfikia yeye haikujaza hata ukucha. Kwa aibu ya kurudi nyumbani mikono mitupu akaja Kasongo kufyatua matofali. Mambo yote hayo nilikuwa nimeyaandika bila kumjua. Nikajiandaa kusikia lawama. Lakini yeye alitaka marekebisho tu. Kwanza, nipunguze machozi. Njaa ilikuwepo, ndiyo, lakini walikuwa pia wanacheka. Walikuwa na mwenzao aliyejua kuiga sauti za mapedeje wote, hata pedeje mmoja alikuwa anakuja kumsikiliza akimwiga pedeje mwingine. Ijumaa walikuwa wanaoga na kuvaa mashati safi. Na siku pedeje alipompiga kofi, yeye alimuuliza kama mkono wake umeumia.

Niliyapenda maneno hayo, nikayaandika. Ila hakuishia hapo. Juma lililofuata alirudi akitaka mchimbaji awe mrefu zaidi. Nikamwambia redioni urefu hauonekani. Akasema ndiyo maana inabidi mtu auseme. Halafu akataka awe anaimba vizuri, halafu awe anacheza mpira, halafu awe amemwangusha pedeje mara moja, matopeni, mbele ya watu. Nikamuuliza kama hilo lilitokea kweli. Akatazama barabarani, akasema lilikuwa karibu kutokea.

Mume wangu hakufurahi. Alikataa kusema yale maneno ya mkono wa pedeje; kwa maoni yake, mtu aliyepigwa kofi hana nafasi ya mzaha. Wakabishana barazani kwangu, mmoja aliyepigwa na mmoja aliyelia, kila mmoja akidai anamjua mchimbaji kuliko mwenzake, mpaka mteja akachukua gauni lake lisilo na mikono akaondoka.

Sokoni, lakini, yule mfyatua matofali alikuwa mtu mkubwa. Wauza sombe, yale majani ya muhogo, walimwongezea kidogo juu ya kipimo wakamuuliza kitakachotokea Alhamisi. Alikuwa anakataa kusema, kwa uso wa afisa mwenye siri za serikali. Alhamisi alikuwa haendi matofalini mchana; alivaa suruali iliyopigwa pasi, akakaa kwenye duka lenye redio kubwa, na watu wakamwachia kiti.

Halafu mkubwa wa redio akanijulisha kwamba saa yetu inachukuliwa na kipindi cha afya, kwa hiyo mchezo umalizike juma lile, na umalizike kwa huzuni. Nikaliangusha shimo. Mume wangu alikufa vizuri sana. Mmoja wa kwaya ilibidi atolewe nje. Nusu ya Kasongo ilinuna siku mbili.

Mfyatua matofali alikuja kesho yake, mpole. Kufa kwake alikuwa ameshakubali. Alikuwa na swali moja tu: nani alimzika. Nikasema sikufikiria, mchezo ulikuwa umekwisha.

"Mbuzi ndiyo inakufa vile, mama," akasema. "Mutu wanamuosha, wanaita jina yake, wanakula wali."

Nikaendelea kukanyaga cherehani, naye akaendelea kukaa, kama watu wawili walio msibani.

Muda si mrefu ikaja habari nyingine. Kuna mchuuzi anayepeleka sabuni na chumvi Wamaza kwa pikipiki, naye ni jirani wa kwao yule bwana. Alikuwa amesikia kipande cha mwisho tu cha mchezo, akiwa anafunga mzigo sokoni: mchimbaji wa Kabambare, mke na mpunga ameviacha nyumbani, amelia mbele ya pedeje, shimo limemwangukia. Wanawake waliokuwa hapo walikuwa wanalia, na mmoja alimwambia kwamba mwenyewe ni yule bwana mrefu wa matofali. Mchuuzi hakuuliza zaidi. Alipofika kijijini alisema redio imetangaza. Safari iliyofuata alipokuja Kasongo akamkuta marehemu anakula ndizi karibu na soko, akaacha pikipiki na sabuni yote, akakimbia hadi misheni.

Alipotulia akatueleza yaliyofanyika. Walikuwa wamekaa matanga, wamesoma hitima, wamemswalia swala ya asiyekuwepo. Mbuzi alichinjwa. Mke alikuwa amekaa eda.

Mfyatua matofali alisikiliza yote, akauliza mbuzi yupi. Alipoambiwa, akasema anakwenda nyumbani, na mimi nitakwenda naye. Kama angefika peke yake wangesema ni kivuli. Lakini kama aliyemuua angesimama pembeni aseme sikumuua, huenda wangesadiki. Mume wangu akasema na yeye anakwenda, maana kwa kweli aliyekufa ni yeye.

Barabara ya Wamaza sitaisimulia sana. Palipokuwa na tope tulisukuma pikipiki, palipokuwa na daraja la magogo tulishuka tukavuka kwa miguu tukizitazama pikipiki zinavyovukishwa kama bibi harusi. Mume wangu, aliyezoea pikipiki zilizosimama, aliumwa mgongo njia nzima, na safari hiyo hakulia hata tone.

Tulifika mchana. Uani kulikuwa na mkeka, wazee wachache, na ngozi ya mbuzi imetandazwa juani. Watoto walitawanyika. Kaka yake mkubwa alibaki amekaa, akamtazama mdogo wake kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwa uchungu:

"Sasa unakuja? Tumeshamaliza."

Wengine wakaanza kumgusa. Mmoja alimshika kisigino, mwingine alitaka ataje jina la bibi yao. Mwalimu wa msikiti akaitwa, akaulizwa kuhusu ile swala, kama inaweza kurudishwa. Mzee yule alifikiri kwa utaratibu, akasema dua haiharibiki. Akija kufa kweli watamswalia tena, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa kuombewa zaidi.

Mke alitoka ndani akiwa katika nguo zake za eda. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye macho yasiyopepesa. Mume wake alipiga hatua kwenda kwake; yeye akampita, akaja mbele yangu, maana alikuwa amesikia wazee wakiambiwa mimi ndiye mwandishi.

"Ni wewe ulimuandika?"

Nikasema ni mimi. Nikaanza kueleza habari ya redio, kwamba ni mchezo, kwamba sikujua. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Kufa nilikubali," akasema. "Kila mutu atakufa. Lakini walisema alilia mbele ya pedeje. Ile nilikataa. Wanawake wote walikuwa wananiangalia, na miye nikakataa."

Kumbe mwanamke yule alikaa matanga mawili: ya mume, na ya jina la mume, na haya ya pili ndiyo yaliyomuuma. Mume wangu akamsogelea mwanamke yule, akavua kofia.

"Mama," akasema, "aliyelia ni mimi."

Hawakumwamini. Kaka mkubwa akasema basi alie tuone. Mume wangu akaomba radhi, akageukia ukuta wa jiko, akavuta pumzi, akalia. Alilia kama Alhamisi ile ya shimo, na wale wanawake waliokuwa bado na kilio cha matanga kooni wakampokea. Kaka mkubwa akajifunika kanzu usoni. Nilipomtazama marehemu mwenyewe, alikuwa amesimama mzima chini ya jua anajifuta machozi. Mke wake naye alimwona. Akaanza kucheka, kidogo kidogo, hadi akakaa chini kwenye mkeka na kilemba kikamtoka.

Baada ya hapo alimpa mume wake maji ya kuoga, ingawa hakusema naye hadi tulipokula. Wakati wa kula, majirani walimsimulia marehemu jinsi kaka yake alivyomsifu siku ya hitima: mkarimu, mchapakazi, mtu asiye na mfano katika ukoo. Macho yake yakang'aa. Akamwomba kaka yake arudie. Kaka akasema yale maneno ni ya maiti. Akaombwa tena, na wazee wakamwombea, akakataa kabisa. Alisema kama anayataka anajua la kufanya.

Kisha wakanigeukia mimi: mchezo lazima utengenezwe upya, mchimbaji arudi nyumbani. Kaka mkubwa alitaka arudi na pikipiki mpya na mabati ya nyumba mbili, moja ya kaka yake. Mwenyewe akataka arudi akiwa amemwangusha pedeje, na njiani awe anaimba. Mke akauliza tangu lini anajua kuimba. Alipomaliza kula alinawa, akasema neno lake kwangu bila kupandisha sauti.

"Arudi vile alivyo. Mikono mitupu. Lakini wamupe kiti, wamupe maji, na wamuite jina yake."

Nikamuuliza jina gani. Akanitajia la mume wake, lote, pamoja na la baba na la babu, na nikaona yule bwana akinyoosha mgongo kila lilipoongezeka. Jina hilo lilisomwa redioni kwa ruhusa yao. Hapa nalibakiza kwao.

Mkubwa wa redio alitupa nafasi ndogo kabla ya kipindi cha afya. Niliandika mtu anafika kwao bila kitu, anapewa kiti, anapewa maji, anaitwa. Kazi kubwa ilikuwa kumzuia mume wangu. Alipoitwa lile jina refu kidevu kilianza kutetemeka, nikamkanyaga mguu chini ya meza, akamaliza kwa sauti kavu ya mtu mwenye kiu. Mimi niliona ni kazi yetu nzuri kuliko zote. Sokoni walisema haikufikia ile ya shimo, na muuza sombe mmoja alinishauri nimrudishe mashimoni.

Mfyatua matofali hakuisikia, kwa sababu alibaki kwao kupanda mpunga. Baada ya mavuno alirudi Kasongo na mke wake, na sasa wanafyatua wote wawili. Wateja wameanza kumtafuta mama, siyo baba. Yeye ndiye anayesema bei na ndiye anayesema tofali hili halijaiva. Jioni nyingine anapitia barazani kwangu. Juzi alinikuta nimeduwaa na kalamu, nikamwambia nimeanza mchezo mpya, wa mpiga kasia anayetoka mbali kuja kufanya kazi Nyangwe. Akauliza kama huyo mpiga kasia ana mama mkwe huko alikotoka, wa kusikia habari zake. Nikasema bado sijafikiria. Akashika sketi iliyokuwa kwenye cherehani, akaigeuza, akaanza kufumua upindo wake, maana nilikuwa nimeushona kombo.