Mikono Niliyoishika Macho Yakiwa Yamefungwa

Namushukuru Mungu kwa matope laini ya kwetu Mushaki, juu mutu niliyemwangusha hakuvunjika.

Padri wetu Mubelgiji alikaa miaka mingi Uchina. Alinifundisha muchezo wa huko, nami nawafundisha wasichana wa masomo: wawili wanafunga macho kwa kitambaa, wanagusanisha mikono, kila mumoja anasikiliza nguvu ya mwenzake. Kwa mikono tu, nawaambia, utajua moyo wa mutu.

Siku ile nilikuwa na hasira. Bwana yangu, baba ya mutoto wangu, alikuwa ameniambia, "Papa yangu amekataa. Muke mwenye mutoto asifundishe." Kila siku, saa ine ya asubuhi, yeye ndiye huniletea mutoto anyonye. Basi, nikiwa nimefunga macho, nikasikia mutoto wangu akilia, wasichana wakimupokea. Nikajua bwana amefika.

"Kuja hapa, leta mikono!"

Hakuja. Nikamufuata, nikaikamata. Ikarudi nyuma. Nikasema moyoni, huyu anajua makosa yake.

"Mwambie Papa yako akae na ng'ombe zake! Kazi siachi!" Nikasukuma. Puu!

Hakuna aliyecheka. Nikavuta kitambaa. Aliyeketi katika matope alikuwa baba mukwe mwenyewe, siku ile yeye ndiye alileta mutoto; mutu ambaye kwetu muka-mwana, muke wa mutoto wake, hamugusi hata kidole.

Nikapiga magoti.

"Mama," akasema pole pole, akitazama pembeni, "mimi sikukatazaka kitu. Fundisha. Lakini huyo mutoto wangu, bwana yako, anayesema uongo kwa jina langu, kesho nitamuleta hapa. Na yeye umufunge macho."